Kifua cha Raymundi

Mama Marko alisimama mlangoni mwa kituo cha kulelea watoto, mikono kiunoni, akaziba njia yote. Nyuma yake, ndani ya banda la nyasi, watoto wa kijiji walikuwa wakilia, wakicheka na kugombania vikombe vya uji. Apolinaria alikuwa ameshamfungua Raymundi mgongoni, tayari kumkabidhi kama alivyofanya kila siku ya kazi tangu wahamie kijiji hiki kipya.

"Huyu simpokei," Mama Marko alisema.

"Ana mafua tu, dada."

"Mafua gani yanayopiga miluzi? Hebu msikilize."

Hapakuwa na haja ya kutega sikio. Kila Raymundi alipotoa pumzi, kifua chake kililia sauti nyembamba ya kuvuta, kama mlango wa mbali wenye bawaba kavu. Wanawake waliokuwa wameshaacha watoto wao na kutia majembe begani walisimama kutazama. Mmoja aliingia tena bandani, akatoka na mwanawe mkononi.

"Hiyo ni pumu," Mama Marko aliendelea, sasa kwa sauti ya chini kidogo. "Nimeiona kule tulikotoka. Ikiwashika na wenzake, mama zao nitawaambia nini? Na akinikatikia pumzi mikononi, wewe nitakuambia nini?"

Huko walikotoka, kila mtu akikaa kwenye mashamba yake, kikohozi cha mtoto kilikuwa cha nyumba yake. Hapa kijijini Lusu nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari, na ukuta wa fito haufichi kitu. Watu walikuwa wamekisikia kifua cha Raymundi muda mrefu kabla ya asubuhi hiyo. Walikuwa wakingoja tu mtu wa kwanza wa kusema.

Akamfunga mtoto mgongoni tena na kwenda naye shamba la kijiji.

Hakumaliza hata tuta moja. Udongo ulikuwa mkavu, na vumbi lililotimuliwa na majembe lilimfanya mtoto akohoe mpaka akatapika maziwa shingoni mwa mama yake. Mwenyekiti Kornel alikuja kutoka upande wa pili wa shamba, kofia mkononi. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliouma zaidi.

"Ndugu Apolinaria, nenda nyumbani. Siwezi kuwa na mtoto anayetapika shambani, watu wananitazama mimi."

"Nikienda nyumbani nitahesabiwa sikuja, Mwenyekiti. Na wakati wa mgao wa mavuno?"

Kornel alikuna kidevu. "Hayo tutayazungumza mkutanoni Jumapili. Lakini mlete daktari aseme. Kama mtoto hana pumu, arudi kituoni. Kama anayo, basi tujue."

*

Ambrosi, mume wa Apolinaria, alizipata habari kabla hajafika nyumbani. Yeye alikuwa balozi wa nyumba kumi. Ndiye aliyepita mlango kwa mlango kuwashawishi akina mama wawaache watoto kituoni, na wengine walikuwa wamemkatalia mpaka alipompeleka Raymundi awe wa kwanza. Sasa wa kwanza kukataliwa alikuwa huyo huyo.

"Nilijua tu," alisema akivua viatu. "Ni kwenu."

Apolinaria alikuwa akimkanda mtoto kifua. Hakuinua uso. "Kwetu kumefanya nini?"

"Kasiani kaka yako. Anayekaa mabega juu kama jogoo aliyenyeshewa. Unafikiri hawamjui? Leo nimeulizwa kisimani: balozi, mlipooana hukuona shemeji yako anavyohema?"

"Na wewe ukajibu nini?"

Ambrosi alivisukuma viatu vyake ukutani. Mama yake, Josepha, aliyekuwa akichambua mboga kizingitini, aliinua macho akamtazama mwanawe, kisha akarudi kwenye majani yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache wakati wa ugomvi na mengi wakati mwingine wote.

"Kesho tunakwenda zahanati," Ambrosi alisema baadaye. "Lukumani ni mtu mwelewa. Atasema ni mafua, yaishe."

*

Zahanati ilikuwa vyumba viwili vya matofali mabichi, na mganga wake, Lukumani, alikuwa kijana kutoka Isevya, Tabora mjini, ambako baba yake aliuza chumvi, viberiti na mafuta ya taa. Watu walimwita daktari. Alikuwa amechoka kuwakatalia.

Alimlaza Raymundi mapajani mwa Apolinaria, akapandisha shati na kutazama mbavu bila kugusa. Zilikuwa zikiingia ndani kidogo kila pumzi. Akasikiliza mgongo. Akakunjua viwiko vya mtoto, akatazama na nyuma ya magoti.

"Unatafuta nini huko?" Josepha aliuliza. Alikuwa ameng'ang'ania kuja, na kwa kuwa ndiye aliyembeba mtoto njia nzima, hakuna aliyemzuia.

"Ukurutu, mama. Ngozi inayowasha na kupasuka, mara nyingi huandamana na pumu. Hana." Lukumani akamfunika mtoto. "Miluzi hii inakuja lini? Akiwa na mafua tu, au hata akiwa mzima?"

"Akiwa na mafua tu," Ambrosi alidakia.

Apolinaria alimtazama mumewe, akamtazama mtoto.

"Na siku ile tulipopepeta mtama," alisema. "Hakuwa na mafua siku ile. Alikuwa anacheka asubuhi."

Ambrosi alipumua kwa nguvu kupitia puani.

"Vizuri kuniambia," Lukumani alisema. "Sasa, wazazi. Sizungumzii wajomba wala mashangazi, ninyi wawili. Kuna aliyewahi kuwa na pumu?"

"Mimi hapana," alisema Apolinaria. "Kaka yangu anayo."

"Nami hapana," alisema Ambrosi. "Kwetu hakuna kitu hicho."

"Wewe?" Josepha aligeuka kwenye benchi. "Wewe ulikuwa hivi hivi! Tena wewe ulizidi. Ulikuwa ukilia kifua nyumba nzima hatupati raha. Nilikuwa nakaa na wewe nje nimekuegemeza hapa begani, siwezi hata kukuweka chini. Moto nilihamishia nje, marehemu baba yako akanuna wiki nzima eti anakula chakula cha baridi. Mpaka ulipoanza kuchunga ng'ombe ndipo kikaacha."

Kifua cha Raymundi kiliendelea kupiga miluzi.

"Hukuniambia, mayu," Ambrosi alimwambia mama yake polepole.

"Hukuniuliza. Na wakati huo hatukuiita pumu. Tulisema mtoto ana kifua." Josepha aliona uso wa mwanawe, akawa kama mtu aliyemwaga kitu bila kujua ni nini. "Nimekosea?"

"Hapana, mama," Lukumani alisema. "Umenisaidia sana."

Ambrosi alisimama akatoka nje. Kupitia dirishani Apolinaria alimwona amesimama karibu na pipa la maji, mikono nyuma, akitazama barabara ya Nzega kana kwamba anangoja gari. Maneno ya kumjibu mumewe, kuhusu jogoo na mabega, Apolinaria alikuwa nayo mdomoni tangu jana. Hakuyatoa. Hakuona faida yake tena.

"Kwa hiyo anayo?" aliuliza.

Lukumani alivuta kiti akakaa karibu nao.

"Sijui, mama Raymundi. Na yeyote atakayekuambia leo kwamba anajua, anakudanganya. Watoto wachanga wengi wanapiga miluzi. Njia zao za pumzi ni nyembamba, mafua kidogo tu zinaziba. Wengi wao, wakifika umri wa kwenda shule, wamesahau kabisa. Wachache ndio wanaoendelea nayo. Kazi ngumu ni kujua wachache hao ni nani. Huyu wako, ngozi yake ni safi, hilo zuri. Baba yake alikuwa nayo, hilo linamsogeza upande wa pili. Siku ya mtama nayo inamsogeza. Lakini kumsogeza siyo kumfikisha."

"Tutajua lini?"

"Muda ndio utakaosema. Mpaka hapo, tunamtazama kwa makini. Na moshi usimkaribie."

Akampa vidonge vya kusaga nusu nusu na kuchanganya na maji, akamwonyesha jinsi ya kumkalisha mtoto wima, kichwa kikiegemea kifuani. Josepha alitikisa kichwa kwa ridhaa. Ndivyo alivyokuwa akifanya yeye.

Nje, Ambrosi alimvuta mganga pembeni. Apolinaria aliyasikia yote, kwa sababu mumewe hakuwa amezoea kunong'ona.

"Njoo Jumapili useme hana. Sema ni mafua, basi. Ni neno moja tu."

"Sijui kama hana, balozi."

"Wala hujui kama anayo! Umesema mwenyewe. Sasa neno lipi litakuwa uongo? Mke wangu hawezi kwenda shambani. Watu wanamtenga mtoto kama mwenye ukoma. Nakuomba."

Lukumani alitazama chini. Alikuwa kijana, na alikuwa mgeni kijijini, na balozi huyu ndiye aliyemtafutia nyumba alipofika. "Nitasema ni mafua," alijibu mwishowe.

*

Walitembea kurudi nyumbani, Josepha mbele na mtoto, wao wawili nyuma. Walikuwa wamefika mashamba ya karanga ndipo Ambrosi alipoongea.

"Nilikusema vibaya jana. Kuhusu Kasiani."

"Ulinisema."

"Basi nisamehe."

Apolinaria alitembea hatua kadhaa. "Baba Raymundi, sitaki Lukumani aseme ni mafua."

Ambrosi alisimama njiani. "Unataka nini, basi? Unataka wamkatae?"

"Nataka atakayekaa naye ajue. Tuseme amekubaliwa kwa mafua. Siku kifua kikimbana na mimi niko mwisho wa shamba, Mama Marko atafanya nini? Atamlaza chini apoe mafua. Atamweka karibu na moto. Si ndivyo anavyowafanya wote? Nitarudi jioni nimkute amepoa kweli."

"Usiseme hivyo."

"Ndivyo nilivyowaza muda wote mle chumbani. Wewe ulikuwa nje."

"Na wakimkataa?"

"Nitalima na mtoto mgongoni. Au hatutapata mgao." Alijua maana ya kukosa mgao. "Lakini nitakuwa ninaye."

Ambrosi aliokota kijiti, akakivunja vipande, akavitupa.

*

Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji baada ya ibada, Wakatoliki wakitoka upande mmoja na Wamoraviani upande mwingine. Walizungumza kwanza habari za kisima, kisha habari za mbegu. Jua lilikuwa limeanza kuuma Kornel alipofika kwenye jambo la kituo.

"Daktari yuko hapa. Tumsikilize, tumalize."

Lukumani alisimama. Alifuta jasho. "Ndugu wananchi, nimempima mtoto wa balozi. Kwa kweli ni..."

"Samahani, Ndugu Mwenyekiti." Apolinaria alikuwa amesimama kati ya wanawake waliokaa chini. Raymundi alikuwa mgongoni, amelala. "Naomba aseme alivyoniambia mimi."

Wanaume wengine waliguna. Mtu wa nyuma alisema kwa sauti kwamba balozi kumbe ana balozi wake nyumbani, na kicheko kikapita. Apolinaria alihisi masikio yakimwaka. Aliendelea kusimama.

"Alisema hajui," alisema. "Alisema inawezekana atakuwa nayo, inawezekana itaisha akifika umri wa shule. Amepiga miluzi akiwa na mafua, na mara moja bila mafua. Mimi sitaki mmpokee kwa kudanganywa. Nataka mmpokee mkijua."

Kisha sauti ya mwanamke: "Si ndiyo ya mjomba wake Kasiani!"

Apolinaria alifungua kinywa, lakini mumewe alikuwa ameshasimama upande wa wanaume. Ambrosi alizoea kusimama mikutanoni. Alikuwa na namna yake ya kupandisha kidevu kabla ya kuanza. Safari hii hakukipandisha.

"Siyo Kasiani. Ni mimi," alisema. "Nilikuwa hivyo utotoni. Mama yangu yule pale, muulizeni. Nilipoanza kuchunga iliisha. Wa kwangu naye huenda ikaisha, huenda isiishe. Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, nikiwa nimesimama."

Wachache walicheka, lakini si kwa ubaya. Mzee mmoja wa Kimoraviani alisema hata yeye alikuwa na mtoto wa hivyo, sasa ni dereva wa trekta Urambo. Mwingine akasema wa kwake hakufika huko. Maneno hayo mawili yalikaa pamoja hewani, na Kornel akayaacha yakae.

"Mimi nauliza," alisema Mama Marko, akisimama. Hakuwa amecheka. "Inaambukiza?"

"Haiambukizi," Lukumani alijibu, na ilikuwa wazi kwamba alifurahi kupata swali ambalo jibu lake analijua. "Hata kidogo. Haipiti kwa uji wala kwa pumzi."

"Haya. Na ikimshika mkononi mwangu? Nina watoto wengi, mikono ni hii miwili. Msiniletee maneno mazuri ya mkutano halafu siku hiyo niwe peke yangu."

"Nitakuja kituoni kesho," Lukumani alisema. "Nitakuonyesha cha kutazama. Mbavu, pua, anavyonyonya. Ukiona, unamleta kwangu wakati wowote. Na lile jiko la uji litoke bandani. Moshi ule unawadhuru wote, siyo huyu tu."

"Jiko nani atalijengea kibanda? Mimi?"

"Mimi," alisema Ambrosi.

Mama Marko alimtazama Apolinaria kwa muda mrefu, kama anayepima mzigo kabla ya kuutia kichwani. "Namchukua kwa majaribio," alisema. "Nikishindwa nitasema nimeshindwa."

*

Majira ya kuchuma pamba yalifika, asubuhi za baridi na mchana wa vumbi. Raymundi alianza kusimama kwa kushika ukuta. Siku nyingi kifua chake kilikuwa kimya, na Apolinaria alijikuta akikisikiliza hata hivyo, akinyonyesha na sikio likiwa ubavuni mwa mtoto.

Siku moja, jua likiwa utosini, binti mmoja wa kituoni alikuja mbio kati ya mistari ya pamba. "Mama Raymundi! Yuko zahanati!"

Apolinaria alikimbia na gunia la pamba likiwa bado limefungwa kiunoni. Pamba ilikuwa ikimwagika nyuma yake, na Kornel, aliyekuwa mkali wa kila pamba iliyodondoka, alimpisha apite. Njiani Apolinaria hakuomba wala hakulia. Alikuwa akirudia neno moja tu, wima, wima, wima.

Mama Marko alikuwa amekaa kwenye benchi la zahanati, mgongo ukutani, Raymundi ameegemea kifuani mwake. Midomo ya mtoto ilikuwa imepauka na tumbo lilikuwa likienda kasi, lakini macho yalikuwa wazi na yalimjua mama yake. Kitambaa cha kichwa cha Mama Marko kilikuwa kimeangukia shingoni. Hakuwa amekiweka sawa.

Apolinaria alinyoosha mikono.

"Ngoja kwanza, dada," Mama Marko alisema kwa upole. "Amepata mkao. Ukimhamisha ataanza upya."

"Sindano imeshaingia," Lukumani alisema. "Amemleta mapema. Angengoja kidogo tu tungekuwa tunatafuta gari la kwenda Nzega."

Wakakaa hivyo, bega kwa bega. Polepole mbavu zikaacha kuzama. Sauti ya kifua ikakonda, ikapotea, ikarudi mara moja, ikapotea. Raymundi alipiga chafya, akashangaa chafya yake mwenyewe, akashika kidole cha Mama Marko akakitia mdomoni.

"Ulijuaje?" Apolinaria aliuliza alipoweza.

"Alikataa uji. Huyu? Anayekula mpaka wa wenzake? Nikamfungua shati nikatazama mbavu kama nilivyofundishwa. Hazijafanya kitu bado, ila pua zilikuwa zinapanuka. Nikasema simngoji." Sasa ndipo alipokumbuka kitambaa chake, akakivuta kichwani kwa mkono mmoja. "Basi nikakimbia. Mimi, na unene huu."

Apolinaria alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na Mama Marko akamsogezea kona ya khanga yake ajifute.

Ambrosi alifika akihema. Alimtazama mtoto, akamtazama mganga. "Hakuwa na mafua safari hii," alisema.

"Hapana."

"Basi ndiyo yenyewe?"

"Imesogea upande ule," Lukumani alisema. "Sitakuficha. Lakini bado ni mdogo sana, na hata wa upande ule wengi wanakua, wanasoma, wanaoa. Wewe umesimama hapa mbele yangu."

Ambrosi aliitikia kwa kichwa. Aliinama akamchukua Raymundi, akamkalisha wima kifuani mwake, mkono mmoja chini ya makalio na mwingine mgongoni, jinsi alivyomwona mama yake akifanya. Kisha akatoka naye, akapita katikati ya mistari ya nyumba mchana kweupe, jambo ambalo wanaume wa pale hawakulifanya, Apolinaria akimfuata na gunia lake lililobaki nusu.

Mbele ya nyumba ya tatu mzee mmoja aliyekuwa akisuka kamba aliinua kichwa.

"Mwadila, balozi. Mtoto ana nini?"

"Mwadila, mzee. Ana kifua," alijibu Ambrosi bila kupunguza mwendo. "Kama cha baba yake."